Fideli Akiganda

Mume wangu Tobias ni mtu wa kusubiri. Aliwahi kusubiri mvua ipite ndipo aezeke banda la kuku, na kuku wakafa kwa mvua ile ile. Kwa hiyo sikushangaa alipoanza kusubiri na ruta.

Ruta yetu ilikuwa ya tangu siku walipochimba mtaro wa faiba sambamba na ile barabara ya zamani ya misafara, mtaro ukapinda hadi kwetu Ipuli, hapa Tabora, nasi tukawa watu wa kwanza mtaani kuwa na waifai ndani ya nyumba. Wakati huo ilikuwa fahari. Majirani walikuja kuomba nywila kama wanavyoomba chumvi. Miaka ikapita, ruta ikazeeka. Ikawa inachemka huwezi kuweka kiganja juu yake. Watoto wakiingia na simu zao, mimi na kompyuta ya shule, na televisheni nayo inadai haki yake, basi picha ya mtu unayeongea naye inaanza kutetemeka, inakatika vipande, halafu inaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Unabaki unaita haloo, haloo, mpaka unajionea aibu mwenyewe.

Kwa wengine hilo ni kero tu. Kwetu lilikuwa jambo zito, kwa sababu ya Mama.

Mama yangu, Paskazia, tulimtoa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, aje kukaa nasi macho yake yalipoanza kuharibika. Ni presha ya macho. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kile kidogo kilichobaki dawa inakichelewesha tu. "Naona kama ninachungulia tundu la kitasa," ndivyo Mama alivyotueleza. Akitaka kukuona anakuambia usimame, kisha anakupitia polepole, paji, pua, kidevu, mpaka akukusanye wote. Watoto walizoea. Wakitoka shule wanasimama mbele yake, wanapitiwa, ndipo wanakwenda kuvua sare. Na kitu alichokitaka kuliko vyote hakukificha, alikisema mbele ya kila aliyekuja kumjulia hali: "Macho haya yakifumba, yafumbe yameshiba uso wa Fideli."

Fideli ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Aliondoka Ulyankulu akiwa kijana, akamfuata mke wake aliyepelekwa Kanada kutoka kambini, na hajarudi. Kila mwaka anasema mwakani. Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na kila Jumapili jioni, sisi tumeshatoka misa, tumekula na vyombo vimeoshwa, huko kwake ndiyo kunapambazuka na yeye anatoka zamu. Hapo anatupigia kwa video. Mama huwa ameshakaa zamani. Ameoga, amejifunga kitenge kizuri, tableti ya watoto iko mbele yake imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Anaanza na salamu za kwetu, ambazo hazina mkato: habari ya mke, habari ya kila mtoto kwa jina, habari ya majirani wazungu asiowajua, habari ya baridi. Salamu zikiisha, ruta nayo imeishiwa nguvu, na Fideli anaganda.

"Tobias," nilimwambia mume wangu, "hii ruta tuibadilishe."

Tobias ni karani kwenye chama cha wakulima wa tumbaku, na ni mtu wa kusoma jambo mpaka liombe radhi. Akaenda kusoma. Akarudi na jibu.

"Mama Ishimwe, tulia. Hii yetu ni ya kizazi cha tano cha waifai. Wenzetu wako cha sita, na cha saba kimeshaingia madukani. Ukinunua ya sita leo, kesho umebaki nyuma. Ukinunua ya saba, hakuna simu humu ndani inayoijua, ni sawa na kumnunulia ng'ombe miwani. Tungoje ya saba izoeleke, nasi simu zetu zife kwa zamu, tununue zinazoendana nayo. Subira yavuta heri."

"Ngojangoja huumiza matumbo."

"Tumbo la nani linauma?"

Nilikuwa nimetoka shuleni, nafundisha darasa la kwanza, sauti imekauka na chaki iko mpaka kwenye kope. Mtu aliyeshinda anaimba a, e, i, o, u na watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati hana nguvu ya kugombana na kizazi cha saba. Nililala.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, maana bila hilo Tobias ataonekana mjinga, na mume wangu si mjinga. Ni Mnyamwezi wa Sikonge, amelelewa na babu yake, na kwa malezi aliyopewa mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, akipita karibu anakohoa kwanza. Nilimwambia siku hizi watu wameacha. Akasema walioacha ni wao. Kwa hiyo tangu Mama ahamie, sebule ikawa ya Mama, na baba mwenye nyumba akahamia koridoni. Taarifa ya habari anaisikilizia huko, kwenye stuli, nyuma ya pazia. Na mtandao akaupimia huko huko. Ungemwona, mtu mzima na kitambi chake, ameinua simu juu, anaishusha, anaielekeza darini, anatazama ile mistari ya waifai.

"Mbona unashika vizuri?" anauliza pazia.

Na Mama, kutoka upande wa pili, kwa sauti ya heshima kabisa: "Hata huku unashika, baba. Msijisumbue."

Hapo ndipo nilipokuwa nachoka zaidi. Mwenye haja alikuwa Mama, na asiyetaka ruta mpya alikuwa Mama. Nikimwambia tununue, anasema hii inatosha. Nikimwambia mwanao anakatika vipande vipande, anasema vipande vyenyewe si vyake? Kila Jumapili Fideli akiganda, sisi wengine tunasonya, Mama anasogeza uso wake kwenye tableti, kimya, kana kwamba anangoja adabu yetu irudi. Nilidhani ni ule ubahili wa wakimbizi wa zamani, watu waliofika msituni Ulyankulu na sufuria moja, ambao hawatupi kitu mpaka kife mara mbili.

Halafu kulikuwa na lile sinia.

Mama hawezi kuona kitu kimekaa wazi. Maji yana kawa, redio ina kitambaa, chupa ya chai imevalishwa kofia ya kufuma. Vumbi la Tabora likianza mwezi wa saba halibishi hodi, hilo nalikubali. Lakini alikuwa na sinia kubwa la bati alilokuja nalo kutoka kijijini, na sinia hilo akawa analifunika juu ya ruta, pale kwenye kabati karibu na kiti chake, mpaka ruta yote imemezwa.

"Mama, hiki chombo hakifunikwi. Sinia linazuia mtandao."

"Vumbi, mwanangu."

Naliondoa. Jumapili ikifika saa ya simu, sinia nalo limesharudi. Nilipaza sauti siku moja, nikasema katika nyumba hii kila mtu ni mkaidi, mmoja anasubiri na mwingine anafunika. Tobias alikohoa kule koridoni. Nilikwenda jikoni nikasimama tu, sina ninachopika.

Kisha tukaenda kliniki ya macho. Daktari alimulika, akamulika tena, akaniita pembeni. Alisema tundu lile analochungulia Mama linazidi kujifunga, na linajifunga upesi kuliko alivyotarajia. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema hatasema uongo, hajui, ila kama kuna mtu anataka kuonwa, asichelewe.

Jioni nilimweleza Tobias kule kwenye stuli yake. Hakutaja kizazi chochote. Alivaa viatu, akatoka, nikasikia bodaboda ikiondoka kuelekea mtaa wa Ng'ambo. Alirudi na boksi kwapani, nyuma yake fundi.

"Ya sita au ya saba?" nikamuuliza.

"Ya sita," akasema. "Hiyo ya saba itamkuta Mama hana macho."

Nilimpenda siku hiyo. Niliona kama tumeoana juzi.

Fundi mwenyewe aliitwa Uwesu, ana kibanda cha vifaa vya umeme na mdomo usiozimwa. Aliishika ruta yetu ya zamani, akaipuliza, akacheka. "Mwalimu, hii imekuwa mzee wa mtaa, inasalimia kila mtu na haimsaidii yeyote. Mngeniita mwaka juzi." Nilimwambia afanye kazi. Tobias alikuwa anamwonyesha pa kufunga, na kwa kuwa sebuleni haingii, alimwonyesha palipo na miguu yake: koridoni, ukutani, juu ya mlango. Uwesu akakubali upesi, akasema ruta hupenda kukaa juu, irushe mawimbi nyumba nzima. Akapanda ngazi, akapigilia, akavuta waya. Taa ya kijani ikawaka. Watoto wakakimbia na simu zao mpaka chooni, wakapiga kelele kwamba hata huko inashika.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. "Wameimaliza?" akauliza. Nikamwambia imekwisha, na Jumapili utamwona mwanao kama yuko kwenye kochi hili. Akasema asante. Ilikuwa asante ya mtu aliyepewa chakula asichokula, lakini sikutaka kuisikia hivyo.

Jumapili ikafika. Tableti ikalia, nikabonyeza, na Fideli akatokea. Jamani, alikuwa safi. Miaka yote tulikuwa tunaongea na ukungu. Sasa niliona nyuzi za kofia yake ya sufu, theluji imekaa mabegani, mvuke unatoka mdomoni. "Shikamoo mama!" akasema, na mdomo wake ukaenda sawasawa na maneno, kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Watoto wakapiga makofi.

"Marahaba, mwana wanje," Mama akasema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao, na kuanza salamu zake.

Fideli anapiga simu akiwa njiani, ndivyo alivyozoea. Nyumbani kwake mke na watoto wamelala, na akifika ana uji wa kupika na nguo za kukusanya, kwa hiyo nafasi yake ya kuongea nasi ni kati ya kiwanda na kituo cha basi. Anatembea. Simu inapanda na kushuka na hatua zake. Anavuka barabara, unaona mbingu. Anapanda basi, unaona sikio. Anapata kiti, dirisha linapita nyuma yake, taa, miti mitupu, taa. Na ruta mpya ilitupa yote hayo bila kukosa chembe.

Nikamtazama Mama. Uso wake ulikuwa unakwenda kushoto, kulia, juu, unarudi. Alikuwa anamtafuta.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo, Mama. Mbele yako."

"Wapi?"

"Hapo hapo!"

Akainama zaidi. Fideli akageuka kumpisha mtu kwenye basi, akatoka kwenye tundu la jicho lake. Mama akamkimbiza, akachelewa.

"Haigandi?" akauliza.

"Haigandi tena, Mama, hiyo imekwisha!" Nilisema kwa furaha kabisa.

Mama akanyanyuka. Nilidhani anakwenda uani. Akashika ukuta, akafika kwenye kabati, mkono ukaingia nyuma ya vyombo, ukatoka na lile sinia. Akapapasa pale ruta ilipokuwa inakaa siku zote. Palikuwa na mbao tupu. Akapapasa tena, mpaka ukingoni. Kisha akasimama na sinia kifuani.

Hasira zilinipanda, siwezi kusema vinginevyo. "Mama, hata leo? Mtoto yuko hewani, wewe unashughulika na vumbi?"

"Imewekwa wapi?"

"Koridoni. Juu ya mlango."

"Huko sifiki," akasema.

Akarudi kukaa, sinia mapajani. Mama yangu si mtu wa kulia. Alizika mume na watoto wawili kule Ulyankulu na kesho yake akalima. Nikaona machozi yanashuka, hayafuti.

"Akiganda ndipo namwona," akasema. "Anatembea, Theodora. Miaka yote anatembea. Nikishika paji, kidevu kimekwenda. Nikishika mdomo, macho siyaoni tena. Siku ile alipoganda mara ya kwanza nyinyi mlikuwa mnapiga kelele, mimi nikampata. Nikampitia wote, mpaka lile kovu la nyusi alilopigwa na mbuzi. Halafu nikajua sinia linamgandisha. Basi nikawa namfunika, ili asimame."

Hata watoto walielewa. Mimi nilitamani sakafu inifiche, maana lile sinia niliwahi kulitupa uani mbele yake, likagonga mawe, naye akatoka akipapasa kulitafuta.

Kutoka nyuma ya pazia Tobias alikohoa, kisha akasema taratibu, "Naweza kurudisha ile ya zamani. Uwesu aliichukua, lakini hajaiuza."

Mtu aliyesoma vizazi vyote vya waifai, yuko tayari kurudi nyuma usiku huo huo. Karibu nikubali. Lakini nikatazama tableti. Fideli alikuwa bado kwenye basi, amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza sura yake niliiona vizuri bila yeye kujua namtazama. Ngozi chini ya macho ilikuwa imelegea. Ndevu zina mvi. Ni mdogo wangu huyu, nilimbeba mgongoni.

"Fideli," nikasema. "Ukifika nyumbani usipike. Usikusanye nguo. Usimwamshe mtoto. Kaa."

"Dada, nina..."

"Kaa! Kiti kimoja, uso mmoja. Mama akutazame."

Nilitumia sauti ya darasa la kwanza, ambayo hakuna aliyewahi kuikaidi. Fideli akapangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Dada, mimi nikikaa nalala. Ndiyo maana natembea."

"Kaa hivyo hivyo."

Tukaenda naye mpaka mlangoni kwake. Alivua viatu, akaingia jikoni, akakaa kwenye kiti karibu na friji, akaiegemeza simu kwenye kitu mezani. Akavua kofia. Akatulia. Taa ya jikoni ikamwangaza wote.

Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasogea. "Usicheke, unatikisika," akamwambia. Akaanza juu. "Nywele zimekimbia." Akashuka. "Hili paji la baba yako." Akafika kwenye nyusi, akakaa pale muda. "Kovu lipo." Akashuka puani. Fideli alikuwa anaitika kila kitu, ndiyo mama, ndiyo mama, sauti inazidi kuwa nzito. Kichwa kikaegemea friji. Mama akaendelea, shavu, mdomo, kidevu, kisha akarudi machoni akayakuta yamefumba.

"Imeganda?" akauliza.

"Hapana, Mama. Amelala."

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitafuta, akapata, akatulia. Nadhani alikuwa ameona kifua kinapanda na kushuka.

"Nimwamshe?" nikamuuliza.

"Ukimwamsha utanijua." Halafu akashusha sauti, kwa sababu mtoto alikuwa amelala. "Tangu aondoke kwangu sijapata kumwona amelala."

Nikawafukuza watoto kwa ishara. Nikazima televisheni. Kule koridoni nikasikia Tobias anavua makubazi na kuondoka peku. Tableti ilikuwa inakaribia kuzima chaji, nikaleta waya, nikauchomeka polepole, kisha nikakaa mkekani chini ya miguu ya Mama, kwa kuwa nami nilikuwa nimechoka kuliko nilivyojua. Nikaegemeza kichwa kwenye goti lake. Mkono wake mmoja ulikuja ukakaa kichwani kwangu bila yeye kugeuka, na mwingine ukabaki umeshika tableti, isisogee.